Nililala chali kwenye matope ya Saltash kwa ajili ya picha moja

Nina picha 412 za daraja moja. Nimezihesabu jana usiku kabla sijaanza kufuta, na katika hizo zote ninazoweza kumwonyesha mtu bila kuona haya ni tatu, ya nne bado nasitasita. Mke wangu anasema hata harusi yetu haina picha nyingi hivyo, na ni kweli, sina pa kujitetea.

Daraja lenyewe linaitwa Royal Albert Bridge, ni la reli, linavuka mto Tamar kati ya Plymouth na mji mdogo wa Saltash, huku kusini magharibi ya mwisho mwisho ya Uingereza. Upande huu Devon, ukivuka tu uko Cornwall. Alilijenga Isambard Kingdom Brunel, yule injinia wa enzi za Malkia Victoria ambaye huku jina lake utalikuta kwenye mabaa, kwenye mitaa, mpaka kwenye chuo kikuu kule London. Lilifunguliwa tarehe 2 Mei 1859 na Prince Albert, mume wa Malkia, ndo likapewa jina lake, na mpaka leo hii treni zinapita juu yake, sio makumbusho wala nini, ni njia ya watu ya kwenda kazini.

Mi ni mtu wa Tanga, kazi yangu huku ni ya kutunza wazee, zamu za usiku. Kwahiyo asubuhi wenzangu wakiwa wanakimbilia kazini mi ndo natoka, macho mekundu, kamera begani. Kwa mpiga picha hiyo sio hasara, maana mwanga wa asubuhi ndo wenyewe, tatizo ni kwamba akili inakuwa imeshalala na mwili ndo umebaki unatembea, na makosa mengi nitakayoyasimulia hapa chini yanatokana na hilo.

Sasa. Shida ya kwanza ya hili daraja ni jirani yake. Kaskazini yake, karibu kabisa, kuna daraja la barabara lililofunguliwa mwaka 1961, la kuning'inia, lina nguzo ndefu nyeupe nyeupe, na magari hayakauki. Ukisimama kusini, pale ufukweni ambapo kila mtu anasimama, unalipata la reli vizuri mbele yako ila nyuma yake zimechomoza zile nguzo, yaani kama picha ya familia halafu kuna mtu mmoja mrefu asiyehusika kasimama nyuma anachungulia. Ukizunguka kaskazini ndo balaa, la barabara linakaa mbele na la Brunel unaliona kwa vipande vipande. Nimejaribu kuzumu, nimejaribu ukungu, nimesubiri asubuhi ya ukungu wiki tatu nzima, ulipokuja ukafunika yote mawili.

Dawa nyepesi ni kupanda juu ya hilohilo la barabara, kuna njia ya waenda kwa miguu upande unaotazama la reli, haina malipo, na hapo unalipata lote bila yule jirani. Lakini hapo jua la mchana linakupiga usoni, upepo wa mto unakusukuma, na kila lori likipita sakafu inatetemeka, ukija kufungua picha kwenye kompyuta chuma cha miaka zaidi ya 160 kinaonekana kama kinacheza singeli. Picha 140 hivi za kwangu ni za namna hiyo. Nimezifuta.

Ile ya kwanza iliyotoka safi nilimtumia mama Watsapu. Akakaa kimya kama dakika tano, halafu ikaja voisi: "Mwanangu, hili mbona kama jodari wawili wanafuatana?"

Nikacheka peke yangu kwenye basi mpaka watu wakageuka. Lakini hebu litazame, ndo hivyo kweli. Kuna bomba kubwa la chuma limepinda kwenda juu, chini yake kuna mnyororo umelegea kwenda chini, vimekutana ncha kwa ncha, katikati pamenenepa, mwisho pamechongoka. Wako wawili, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja futi 455, karibu mita 139, na njia ya treni inaning'inia chini ya matumbo yao. Tangu siku ile mi na mama tunawaita samaki, na nitawaita samaki humu pia, vumilieni. Bomba lenyewe sio duara, limekaa kama yai lililolazwa, upana futi 16 na inchi 9, kimo futi 12 na inchi 3. Kwa vipimo vya nyumbani, Hiace mbili zinapishana humo ndani na makonda wakapeana hai.

Nilikuwa nadhani hilo umbo ni madoido tu ya wakati ule, kumbe lina akili nyingi, na nilielewa siku nilipoliwaza kwa Kiswahili. Chukua upinde wa kuwindia. Mti unataka kunyooka, unasukuma kwa nje. Ugwe unaukatalia, unavuta kwa ndani. Ukiuweka huo upinde juu ya meza haisukumwi meza wala haivutwi, ugomvi wote umeishia humohumo ndani, meza inabeba uzito tu. Sasa bomba ndo mti, mnyororo ndo ugwe. Daraja la tao la kawaida linataka jabali huku na huku la kulisukumia, na daraja la kuning'inia la kawaida linataka minyororo ifukiwe ardhini kwelikweli ili isichomoke. Samaki hawa hawataki lolote katika hayo, wanachotaka ni nguzo ya kukalia basi.

Na hiyo nguzo ndo ilikuwa kazi. Jeshi la majini lilikuwa na kambi yake hapo chini ya mto (bado lipo, Devonport), likasema manowari zina milingoti mirefu, kwahiyo daraja lipite futi 100 juu ya maji. Na sio maji ya hivi hivi, maji yakijaa ya bamvua. Watu wa pwani mnanielewa, wengine ulizeni. Brunel akaamua katikati ya mto iwepo nguzo moja tu, ila mwamba wenyewe uko kama futi 80 kutoka juu ya maji, na kabla ya kuufikia kuna matope mazito. Akatengeneza pipa la chuma, kipenyo futi 37, urefu futi 90, likasimamishwa wima mtoni, chini likajazwa hewa ya kusukuma ili maji yasiingie, watu wakashuka humo kuchimba matope na kuchonga mwamba, halafu wakajenga mawe ya graniti ndani yake mpaka wakatokea juu. Ilianza 1854 ikaisha 1856. Wale wachimbaji waliugua, viungo vinakaza, maumivu, wakati huo madaktari hawajaujua vizuri huo ugonjwa wa kutoka kwenye hewa nzito haraka, leo wapiga mbizi wote wanaujua. Nikiliangalia lile jiwe la katikati maji yanapokupwa huwa nawawaza hao kwanza kabla ya mwenye daraja.

Halafu tarehe 1 Septemba 1857. Hapa ningelipa hela yoyote niwepo na kamera.

Samaki wa kwanza alikuwa ameundwa nchi kavu, ufukweni upande wa Devon, zaidi ya tani 1,000. Wakaingiza mapantoni chini yake, maji yalipoanza kujaa yakamnyanyua yenyewe, bure, hakuna mashine, ni bahari tu imefanya kazi. Sasa inabidi asogezwe katikati ya mto, azungushwe, akae sawasawa juu ya nguzo, kwa kamba na magurudumu ya kuvutia yaliyofungwa kwenye mashua huku na huku, na mkondo wa maji nao haumsubiri mtu. Watu maelfu kwa maelfu walijaa kwenye vilima pande zote mbili. Brunel akapanda juu kabisa ya huyo samaki, katikati ya mgongo wake, kuna jukwaa dogo, akawa anatoa amri kwa bendera. Na alikuwa ameshaomba kitu kimoja: kimya. Hakuna kelele, hakuna kupiga mayowe, hakuna amri ya mdomo. Na watu wakatii! Umati wote ule kimya, lichuma la tani 1,000 linaelea taratibu, bendera inapepea huku, kamba inakazwa kule, kama saa mbili hivi, mpaka akakaa mahali pake, ndo bendi ya wanamaji ikapiga na watu wakalipuka kwa shangwe.

Mi nimewahi kuhudhuria ufunguzi wa kisima cha maji kilometa chache kutoka Tanga mjini na hatukuweza kunyamaza dakika mbili za dua, kwahiyo naomba mniache niwashangae hao watu.

Baada ya hapo alipandishwa pole pole kwa jeki za maji, futi 3 kwa futi 3, upande huu kwanza, halafu ule, na kila akipanda mafundi wanajenga nguzo chini yake wanamfuata, mpaka Julai 1858 akafika juu. Mwezi huohuo akaelea samaki wa pili. Siku hiyo Brunel hakuwepo, shughuli waliiongoza wasaidizi wake.

Na sasa ngoja niwapeleke pembeni kidogo maana hapa kuna picha. Miezi miwili tu baada ya ile siku ya kimya, Novemba 1857, huyuhuyu Brunel yuko London, Millwall, anajaribu kuiingiza majini meli yake ya Great Eastern, kubwa kuliko meli zote zilizokuwepo duniani. Kule nako alitaka kimya. Lakini wenye kampuni walishauza tiketi kwa watu, elfu kadhaa, bila kumwambia, uwanja umejaa kama sikukuu, kelele, vurugu, amri hazisikiki, meli ikagoma. Ilikuja kuelea mwisho wa Januari 1858. Kwenye siku hizohizo za mateso ndo mpiga picha anaitwa Robert Howlett akampiga ile picha ambayo hata kama hujui injinia yeyote utakuwa umeiona mahali: jamaa mfupi, kofia ndefu nyeusi, sigara mdomoni, mikono mfukoni, nyuma yake mnyororo mkubwa wa chuma umejiviringisha kama nyoka. Wakati ule kamera ni sanduku, na picha inapigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na dawa ikikauka tu imekula kwako, kwahiyo unapaka, unapiga, unakimbia gizani kusafisha. Howlett hakuwa na 412. Alikufa mwaka 1858, ana miaka 27.

Ila kitu ninachokipenda kwenye ile picha sio mnyororo, ni suruali. Iangalie vizuri suruali ya Brunel, imejaa matope. Miguu yote. Mtu mkubwa vile, anapigwa picha ya gazeti, na hajabadilisha nguo.

Tuendelee. Daraja lilipofunguliwa Mei 1859 mwenyewe alikuwa mgonjwa, figo, hakuweza kuja kwenye sherehe. Alikuja baadaye mwezi huohuo, kimya kimya, hakuna Prince hakuna bendi. Hawezi kukaa wala kusimama, wakamlaza kwenye kochi, kochi wakaliweka juu ya behewa la wazi lisilo na kuta, kichwa cha treni kikalivuta taratibu, akavuka daraja lake amelala. Mara moja hiyo. Tarehe 15 Septemba akafariki, umri miaka 53. Kampuni ya reli ikaandika juu ya malango ya daraja, pande zote mbili, kwa herufi kubwa za chuma: I. K. BRUNEL ENGINEER 1859.

Hizo herufi nazo zina kisa. Mwaka 1921 waliweka majukwaa ya mafundi wa matengenezo palepale, yakazikata herufi katikati, zikakaa hivyo miaka na miaka mtu hasomi vizuri, mpaka 2006, miaka 200 tangu azaliwe, ndo wakayaondoa. Ukienda stesheni ya Saltash, mwisho wa jukwaa la abiria, unaziona, na treni ikitokea pale chini ya jina lake ni picha nzuri tu, ila ni picha ya kila mtu, ukiingia intaneti zipo nyingi kuliko mchanga. Ninayo. Ni mojawapo ya zile tatu. Haina shida, haina roho.

Mimi kilichonikaa kichwani ni lile kochi. Nikawa nawaza, huyu mtu baada ya miaka yote ile ya kuchora na kugombana na watu wa fedha, alichokiona cha mwisho sio hiki tunachokipiga sisi kutoka ufukweni. Yeye alikuwa amelala chali. Aliona kwa chini. Aliona tumbo la bomba linapita juu yake, minyororo inashuka na kupanda pembeni, na mbingu. Hiyo ndo picha. Na hakuna anayeipiga.

Basi nikakata tiketi. Kutoka Plymouth mpaka Saltash ni dakika chache, na juu ya daraja treni haziruhusiwi kuzidi maili 15 kwa saa, njia ni moja tu, nimepiga hesabu mwenyewe: daraja zima mita 667 kwa mwendo huo ni kama sekunde 100. Sekunde 100 ni nyingi, nikasema nitarudi na kitu. (Kwa wapenzi wa reli: mwanzoni hapo juu palikuwa na reli za upana wa Brunel mwenyewe, futi 7 na robo inchi, upana aliouamini yeye na wenzake wakaukataa, ukang'olewa wote mwaka 1892. Reli yetu ya Tanga ni mita moja. Yaani huyu bwana alitaka mara mbili yetu na zaidi.)

Dirisha la treni halifunguki. Hilo nilitakiwa kulijua. Kioo kinarudisha taa za ndani, sura yako, kila kitu, kwahiyo nikavua jaketi jeusi nikalizungushia lenzi nikalibana kwenye kioo, nikainama mpaka nikawa nusu nimelala kwenye kiti, bibi mmoja wa mbele akanyanyua kikapu chake akahama. Na walahi ile safari ni tamu. Ukiingia tu kwenye lango mnyororo uko juu huko huuoni, halafu unaanza kuteremka mbele ya dirisha, pingili moja, pingili nyingine, chuma kipana kama mlango, vichwa vya ribiti vimejipanga kama punje za mahindi, unashuka, unashuka, ukifika katikati ya samaki uko chini usawa wa miguu yako na mto umefunguka wote, boti ndogo ndogo nyeupe huko chini, halafu unaanza kupanda tena pole pole mpaka unapotea juu. Giza kidogo la nguzo. Halafu samaki wa pili, vilevile. Nilipiga 61. Bomba halimo hata kwenye moja, liko juu ya paa la treni, utaliona kwa miujiza gani? Kwenye ile ninayosema nasitasita, mnyororo umekata dirisha mshazari, na pembeni jaketi lilipoteleza ameingia mtoto wa kiti cha pili anakula krispi, kivuli chake kimekaa juu ya mto, mkono mdomoni. Sikumpanga. Uso hauonekani, ndo maana sijaifuta.

Nikashuka Saltash, nikakuta treni ya kurudi inayosimama hapo ni mpaka mchana. Nyingi zinapita tu. Nikashuka kilima kwenda ufukweni kusubiri, njia imeinama kama inakwenda kisimani, na juu yako daraja linapita juu ya mapaa ya nyumba za watu, mtu ameanika shuka zake chini ya kazi ya Brunel na hana habari. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikaona matope na kokoto vinakwenda mpaka karibu na pale samaki wa upande wa Cornwall anapoanzia, nikaingia.

Ukisimama chini kabisa unaona tumbo la njia tu, bapa, halina maana. Ila ukisogea kusini kidogo, hatua kumi na kitu, bomba linaanza kuchomoza pembeni, unaona na mnyororo na vyuma vya kushikia vyote kwa pamoja, kwa chini, vinakimbilia katikati ya mto. Na yule jirani, la barabara, hayupo! Amefichwa, kamera inaangalia juu. Nikachuchumaa, haitoshi. Nikapiga magoti, haitoshi. Nikaangalia huku na huku, nikalala chali.

Baridi ya yale matope sitaisahau. Inaingia kwanza kiunoni halafu inapanda. Lakini juu yangu, aisee. Chuma cha kijivu, walishakipaka upya, na bado huku chini unaona kutu imechora michirizi ya rangi ya chai, na bomba lile ambalo kutoka mbali linaonekana jepesi kama jodari, kutoka chini ni zito, yaani unahisi kifuani. Ndege wa baharini mmoja katulia juu ya kiungo cha mnyororo. Nikasubiri treni. Dakika ishirini nimelala nasubiri treni, na katika kusubiri, mtu ametoka zamu ya saa kumi na mbili, mnajua kilichotokea.

Nilishtuliwa na mbwa ananinusa sikio na sauti ya mama mmoja mtu mzima kwa juu: "Uko sawa, mpenzi wangu? Umeanguka?" (Huku Devon na Cornwall mtu asiyekujua kabisa anakuita mpenzi wangu, muuza duka, dereva, yeyote, mke wangu bado hajaizoea.) Simu ilikuwa mkononi mwake, nadhani alishaanza kuita ambulansi. Nikamwambia niko sawa mama, napiga picha daraja. Akatazama juu, akanitazama mimi, akasema amekaa Saltash maisha yake yote na hajawahi kuona mtu anaipiga picha hiyo kwa kulala. Halafu akanionyesha kwa kidole, taratibu, miguu yangu.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Viatu vimo majini, na begi la lenzi limeshainuka linataka kuondoka. Mtoto wa Tanga mzima, aliyekulia kwenye bahari, nimelaliwa na maji ya mto wa watu kama mgeni wa bara. Naomba hii isifike nyumbani.

Nikaruka nikadaka begi, na ile naruka nikaisikia treni, kule juu, mlio mzito wa pole pole, kung-kung, kung-kung, inaingia darajani kutoka upande wa Devon. Nikamwambia yule mama samahani, nikamkabidhi begi na kofia yangu, nikalala tena palepale, sasa ndani ya maji ya kufika masikioni, nikabonyeza shata mpaka treni ikaisha. Mbwa akawa anabweka, mama wa watu anacheka ameshika begi linalochuruzika. Picha tisa. Ya sita ndo yenyewe: bomba limejaa kona mpaka kona, mnyororo unashuka kulia, na kati ya vyuma viwili vya kushikia kuna ukanda wa kijani wa behewa, mdogo, kama kidole, na hamna jirani, hamna nguzo nyeupe, hamna mtu.

Sikupanda treni ya kurudi kwa jinsi nilivyokuwa. Nilitembea kwa miguu juu ya daraja la barabara mpaka Plymouth, viatu vinalia kwa maji, suruali matope mpaka mapajani.

Usiku nikamtumia mama. Hii hakukaa kimya, alijibu hapohapo. "Eeh, huyu sasa umempiga tumboni," akasema. Halafu kidogo: "Ulikuwa umelala?"

Nikamwambia ndio mama, nililala.

"Kwenye nini?"

Nikamwambia kwenye mkeka.